Mvua Niliyoipima Bila Kutumwa

Nilipokuwa na miaka tisa niliacha kahawa ya mama ilowe, nami nimesimama pale pale. Kazi niliyopewa ilikuwa kukaa kando ya vichanja tulivyoanikia kahawa, na mvua ikija niifunike kwa turubai. Nyumbani kwetu Akheri mvua haikuwa na siri. Ilianzia juu kabisa, kwenye msitu wa Mlima Meru, ukaona kijani kinageuka kijivu, kisha ikashuka shamba kwa shamba bila haraka. Kabla haijakufikia uliisikia kwenye migomba ya mbali, halafu ya jirani, halafu ya kwenu. Siku ile niliiona tangu ilipoanza, nikaitazama ikishuka yote. Nilipozinduka kahawa ilikuwa imelowa chapachapa, na mama alikuwa anakuja mbio kutoka mferejini, jembe begani.

Alinichapa kama mzazi yeyote wa wakati ule. Katikati ya viboko aliniuliza kama sikuiona mvua, nikamjibu kwamba niliiona, na kwa jibu hilo nikaongezewa vingine vya ujeuri. Lakini nilikuwa nimesema kweli tupu. Ningekuwa sikuiona, matone ya kwanza yangenishtua na kahawa ingepona.

Niliitwa mzubaifu. Nilizubaa maziwa yakafurika jikoni, nilizubaa ng'ombe akaingia kwenye maharage, nilizubaa kanisani hadi watu wote wakakaa mimi nimebaki nimesimama. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa akipiga makofi mbele ya uso wangu, na darasa zima likamsaidia. Sikuwa mtoto mkaidi. Nilitaka sana kuwa kama dada zangu, ambao ukiwatuma kitu wanakwenda na kurudi. Nilijiona nimelegea mahali fulani ndani, kama bawaba ya dirisha, na kila usiku kabla ya kulala nilimwomba Mungu anikaze.

Kitu ambacho sikumwambia mtu ni kwamba kule nilikokuwa nikienda kulikuwa kuzuri. Sikuwa nikiwaza lolote. Wingu likishuka juu ya mashamba nilishuka nalo, ukungu wa Julai ukiingia migombani niliingia nao, na kwa muda huo nilikuwa mtu kamili, sipungukiwi na kitu. Kisha mama aliniita kwa ukali kutoka jikoni, nikarudi kuwa yule aliyelegea.

Baada ya kidato cha nne na kozi fupi ya ukarani nilipata kazi kwenye shamba kubwa la kahawa upande wa Usa River, shamba la umma, kama yalivyokuwa mengi enzi zile. Niliandika majina ya vibarua na kupanga mafaili. Mwaka wa pili mzee aliyekuwa akipima mvua alistaafu, na bwana shamba, ambaye nadhani alikuwa ameniona nikitazama nje ya dirisha mara nyingi mno, akasema kazi hiyo nipewe mimi.

Yule mzee alinifundisha kwa asubuhi moja tu. Chombo chenyewe kilikuwa cha shaba, cha duara, nusu kimefukiwa ardhini na nusu kimetokeza, kimekaa peke yake katikati ya kiwanja cha nyasi, mbali na miti na mapaa. Juu kina faneli, ndani kina chupa. Kila siku saa tatu kamili asubuhi unaondoa faneli, unatoa chupa, unamimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari, unapiga goti hadi jicho liwe sawa na maji, unasoma, unaandika. Alinionya juu ya jambo moja. Maji kwenye glasi hupanda kidogo pembeni na kuzama katikati, na mtu mwenye haraka husoma pembeni. Wewe soma pale chini, alisema, na usiongeze chochote hata kama wakubwa wanalilia mvua.

Kesho yake nilipiga goti peke yangu. Nyasi zilikuwa na umande, kahawa ilikuwa imechanua, harufu yake tamu imetanda kiwanja kizima, na mlima ulikuwa umejifunika ukungu hadi kiunoni. Mbele ya jicho langu kulikuwa na mvua ya jana. Ile niliyoisikia batini nikiwa nusu usingizini ilikuwa imekuja kukaa kwenye glasi, imetulia, inasubiri itazamwe. Machozi yalinilenga, nikajicheka. Ndiyo siku niliyojua mimi ni nani, na nalisema bila haya ingawa ni jambo dogo. Mimi ni mtu wa kutazama mvua, na shamba la umma lilikuwa linanilipa mshahara wa kuzubaa.

Niliifanya kazi ile miaka kumi na mmoja. Nilijua mvua nyingi ambazo hazina safu yake kwenye daftari: rasharasha ya Juni inayolowesha nywele na kuacha ardhi kavu, mvua ya vuli inayonyesha huku jua likiwaka na kutoa mvuke barabarani, na ile ya masika inayonguruma mlimani mchana kutwa bila kushuka, mpaka unahisi ni mlima wenyewe unaongea usingizini. Zote niliandika kwa tarakimu, kwa mwandiko safi, na mwisho wa mwezi kadi ya vipimo ilikwenda kunakohusika. Sijui kama kuna mtu aliyezisoma. Halikunisumbua.

Katikati ya miaka hiyo niliolewa na mwanaume wa Kilimanjaro, mtumishi wa serikali mjini Arusha, mtu mpole, mnyoofu, wa kupiga pasi suruali yake mwenyewe. Tulijenga Njiro kidogo kidogo kama walivyojenga wenzetu, msingi mwaka huu na bati mwaka wa mbele, tukamalizia kwa ukuta na geti. Watoto wakaja wawili.

Kisha likaja soko huria. Maduka ya mjini yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa barabarani, kila mtu akawa na mradi na kila kitu kikawa ruksa. Upande wa pili wa mambo hayo kulikuwa na neno kupunguzwa. Watu walipunguzwa maofisini na viwandani, na shamba letu likapata mwekezaji. Aling'oa kahawa yote. Mahali pake alisimamisha nyumba ndefu za nailoni nyeupe, akapanda waridi za kusafirishwa kwa ndege, zikinyweshwa kwa mipira, tone kwa tone, kila shina na kipimo chake. Nilikwenda kuuliza habari ya kazi yangu. Msimamizi mpya, kijana mwenye adabu, aliniamkia, akanikaribisha kiti, akanieleza kwa upole kwamba chini ya nailoni hainyeshi.

Nilipokea barua yangu nikatoka, na nyuma ya karakana, kwenye rundo la vyuma chakavu, nikakiona chombo cha shaba kimelala ubavu. Faneli ilikuwa kando, glasi bado nzima ndani ya boksi lake. Nilirudi kuomba. Kijana akasema nichukue tu, mama, hakina kazi. Nilikifunga kwenye kanga na kukipakata njia nzima hadi Njiro kama mtoto anayetoka kliniki.

Mume wangu alinitafutia fremu ya duka karibu na nyumbani. Kwao mwanamke asiye na biashara huulizwa anaumwa nini, na mawifi zangu walikuja kwa zamu kunifunda namna ya kupanga chumvi na viberiti, na namna ya kumchangamkia mteja kabla hajabadili nia. Nilijitahidi. Lakini duka lilitazama kaskazini, na kaskazini kuna mlima. Mteja alikuwa anaingia, anakohoa, anachukua sabuni mwenyewe, ananiwekea hela juu ya mizani na kwenda zake. Wifi mmoja alisema kwamba hata ningepelekwa jehanamu kuuza maji ya baridi, yangenidodea. Tulicheka wote, mimi kuliko wao, kisha nikaenda chooni nikalia.

Chombo nilikifukia uani, nyuma ya nyumba, mahali palipo wazi. Mume wangu alinitazama nikichimba. Jioni akasema tuongee. Alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa mwaka ule, watu walikuwa wameanza kumheshimu, na mjini kulikuwa na habari nyingi za watu waliopunguzwa kazi na akili zao zikaondoka na kazi. Kulikuwa na yule wa kiwandani aliyeendelea kuvaa sare kila asubuhi na kusimama langoni. Kulikuwa na mwingine, karani, aliyepita mitaani akigonga milango kudai mafaili. Hakusema kwamba mimi ni mmoja wao, ila alisema watu watasema. Aliniomba kama siwezi kuacha, basi nifanye kwa siri, na mtu akiuliza nimpe jibu lolote la kueleweka. Niliona aibu, nikakubali.

Hivyo kwa miaka mitatu nilifunga geti kwa komeo kila siku kabla ya saa tatu. Majirani walikuwa makazini, watoto shuleni, na mtaa ulikuwa na ukimya wa nyumba zenye kuta. Nilipiga goti kwenye nyasi. Kwa saa nyingine zote nilikuwa mke wa mzee wa kanisa, mwenye duka linalododa, na kwa zile dakika kumi nilikuwa mimi. Daftari nililificha stoo, chini ya gunia la mchele. Nilikuwa na furaha, lakini furaha ya kujificha inachosha kuliko kazi. Nilianza kuota ndoto moja kila mara. Nimo ndani ya nyumba ndefu nyeupe, mvua naisikia juu yangu, kubwa, ya masika hasa, na naona kivuli cha maji yakiteremka kwenye nailoni. Nainua mkono na mkono haulowi. Niliamka nikiwa nimechoka, nikaenda kufungua duka.

Mwaka wa nne mama alikuja kukaa nasi kwa ajili ya mguu, uliokuwa unatakiwa hospitali mara mbili kwa wiki. Alikuwa mjane, mkulima, Mlutheri asiyeachana na kitabu chake cha nyimbo, na hakuupenda mji. Alikaa kwenye kiti kwenye kibaraza cha nyuma akichambua maharage, na kila asubuhi aliniona nikipiga goti pale uani. Hakuuliza kitu. Nami sikumweleza, kwa sababu nilikuwa na watoto wangu mwenyewe sasa na niliogopa kuitwa mzubaifu mbele yao.

Jirani yetu alikuwa ameongeza ghorofa, na kutoka baraza yake ya juu uani kwetu pote palionekana. Asubuhi moja alikuja kuomba pilipili, na wakati namchumia aliuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kile cha shaba kilichofukiwa pale ni nini. Jibu lolote la kueleweka, mume wangu alisema. Ningeweza kusema kuku wanakunywea maji. Badala yake nilicheka, nikasema ni cha mama, wazee wana mambo yao. Jirani naye akacheka, akachukua pilipili zake, akaenda. Mama alikuwa kibarazani, hatua nne kutoka tuliposimama, na mikono yake iliendelea kuchambua.

Masika ya mwaka ule hayakuja. Machi ilipita, Aprili ikaingia kavu. Kila mchana mawingu yalipanda mlimani, yakakaa, yakaiva rangi ya masizi, watu wakatoka nje kuangalia, na jioni yakatawanyika bila tone. Niliandika sifuri, na kesho yake sifuri. Nilikuwa natembea kama niliye ndotoni. Vumbi lilikuwa jeupe na laini, sauti za watu zilifika kutoka mbali sana, na mlima ulionekana karibu mno, utadhani ukinyoosha mkono unagusa msitu. Sitaki kudanganya, ulikuwa mzuri. Lakini mahindi yalinyauka kutoka Makumira hadi kwetu Akheri, na watu wakaanza kuuliza ni nani aliyefanya hivi.

Nilisikia kwanza kwa mteja dukani, aliyeanza kusema akakatisha. Kisha wifi yangu akaja, akanivuta chumbani, akafunga mlango na kunieleza yote. Ilisemwa kwamba kuna bibi kutoka Meru, yupo Njiro kwa mzee wa kanisa, ana chombo cha shaba amekizika uani na ndani yake ameifunga mvua. Kila asubuhi binti yake ndiye anayekifungua kuangalia kama bado imo, kwa sababu bibi mwenyewe mguu haumruhusu kupiga goti. Aliyesema alikuwa ameona kwa macho yake. Nilikaa kitandani. Kila kipande cha habari ile kilikuwa kweli, isipokuwa habari yenyewe.

Watoto wa mtaa wetu walikuwa na desturi ya kumwamkia mama wakimwona getini, shikamoo bibi, wote kwa pamoja. Wakaacha, wakawa wanavuka barabara. Jumapili, kwenye benchi kanisani, nafasi ilibaki wazi kushoto na kulia kwake. Mama aliona, kwa kuwa mtu aliyelima miaka hamsini kati ya watu anajua watu wanapomkwepa. Aliniuliza kama naweza kumtafutia gari la kwenda Akheri mapema kuliko tulivyopanga, na mguu ulikuwa bado. Nilimwambia tumsubiri daktari. Nilijua kwa nini anataka kuondoka, na nilijua ni mdomo wangu uliomfikisha hapo. Niliogopa mume wangu kuaibika, niliogopa kuitwa chizi, nikamwacha mama yangu aitwe mchawi. Nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Katika usharika wetu watu wa mtaa mmoja hukutana kila Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba kwa zamu, kusali na kusoma neno kabla ya chai. Hiyo ndiyo jumuiya. Zamu ikafika kwetu. Kwa kawaida wangekuja watu kumi, lakini siku ile walizidi ishirini, tukaazima viti, na wengine wakasimama mlangoni. Baada ya wimbo na somo, kiongozi wetu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya taratibu, alisema kuna jambo linausumbua mtaa na angependa tulimalize kwa upendo, sisi wenyewe, kabla halijafika mbali. Hakumtazama mama, lakini wote tulijua anamsemesha nani. Akauliza kile chombo uani ni cha nani.

Mume wangu alinitazama.

“Ni changu,” alisema mama. Hakuinuka, kwa ajili ya mguu. “Kitaondoka na mimi Jumatatu nikirudi kwangu.”

Watu walishusha pumzi. Jirani wa ghorofani aliinamisha uso. Kiongozi alimshukuru mama kwa kusema kweli, akamwuliza kama atakubali kivunjwe mbele ya watu na yeye aombewe, na mama akasema sawa, kama hilo litawapa amani. Alisema kwa sauti ile ile ambayo angekubali kuongezewa chai. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya kanga, na hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakifanya. Yeye alikuwa amebakiza miaka michache, mimi nilikuwa na maisha ya kuishi katika mtaa ule. Alikuwa anarudi Akheri kukaa peke yake katikati ya migomba, na habari hii ingefika kabla yake. Alijua vizuri kuliko mimi wanavyoishi wazee waliokwisha kubandikwa jina hilo.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua. Kilichonisimamisha kilitoka mahali palepale nilipokuwa nikizama utotoni, chini ya mawazo yote, na kilikuwa kimetulia kabisa. Niliona vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirishani, nikaona nyuso zinageuka moja moja, na sikuogopa hata mmoja wao.

“Chombo ni changu,” nilisema. “Mama hajui hata kinafunguliwaje. Ni kipimo cha mvua. Nimepima mvua miaka kumi na mitano, na hii minne ya mwisho nimepima bila kutumwa na mtu. Nilimsingizia mama kwa sababu niliona haya.”

Kiongozi akaniuliza vipimo hivyo nampelekea nani. Nikasema simpelekei mtu. Mwanaume mmoja mlangoni akauliza basi napima ya nini.

“Kwa sababu inanyesha,” nilisema.

Akasema mbona mwaka huu hainyeshi. Nikamjibu kwamba hata isiponyesha napima. Mtu alicheka nyuma, wengine wakafuatia, na niliwaacha wacheke. Nilikwenda stoo, nikatoa daftari chini ya gunia la mchele, nikampa kiongozi. Alivaa miwani. Alifunua kurasa polepole kama anayesahihisha madaftari ya wanafunzi, kidole kikishuka safu kwa safu, na kicheko kikaisha chenyewe. Kwenye ukurasa mmoja kidole kilisimama. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hiyo ndiyo siku aliyomzika mke wake, na kumbe ilinyesha sana kiasi hicho. Alidhani ni yeye tu aliyeona nyingi.

Alinirudishia daftari kwa mikono miwili. Akaomba sala fupi, kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya wagonjwa, na habari ya kuvunja kitu hakuitaja tena.

Chai ilinyweka haraka siku ile. Mume wangu hakusema nami hadi Jumatatu, na aliposema aliniambia nimemwaibisha. Ilikuwa kweli, nami sikumwomba radhi. Baadaye alizoea, ingawa hakuja kuelewa, na tumezeeka hivyo bila ubaya. Duka nililifunga mwaka ule ule, mawifi wakanililia kama nimefiwa. Jirani wa ghorofani hakuomba msamaha, lakini baada ya wiki chache watoto wake walianza tena kumwamkia mama, ambaye Jumatatu ile hakuondoka, mmoja mmoja, wakiangalia kwanza juu barazani. Na mvua haikunyesha siku ile wala wiki ile. Ilikuja mwishoni mwa Mei, kidogo, imechelewa, na haikuwa jibu la mtu yeyote.

Lakini Jumamosi ile, mgeni wa mwisho alipoondoka, saa tatu ilikuwa imekaribia. Nilikwenda uani. Nilisikia fimbo ya mama nyuma yangu, polepole, akaja hadi kwenye nyasi na kusimama karibu yangu kwa mara ya kwanza. Nilimwomba msamaha hapo hapo, kwa Kimeru, kwa kuwa Kiswahili kilinishinda. Alikuwa ananiangalia mikono. Niliondoa faneli, nikatoa chupa, nikaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa na vumbi kidogo na mdudu mmoja mkavu.

“Ni hiki tu?” aliuliza.

Nikasema ni hiki.

“Hakuna kitu ndani.”

Nikasema leo hakuna, na ndivyo nitakavyoandika. Alitikisa kichwa, na kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na kicheko alichokuwa anakizuia.

“Kwa hiki, mwanangu, nilikuwa tayari kwenda kaburini naitwa mchawi?”

“Ndiyo, mama,” nilisema. “Kwa hiki.”

Mama akanyoosha mkono nimshike, ili aweze kuinama na kuangalia vizuri.